Mteja anataka atangazwe mufilisi, na mzee aliyenipa meza anawatetea wanaomdai

BARUA

Shikamoo Mama,

Nakuandikia kutoka Mwanza. Mimi ni wakili wa kike, nimeapishwa si zamani, na sina ofisi yangu. Nimepewa meza na wakili mkongwe hapa mjini, mzee aliyesoma na baba yangu mdogo. Kodi hanitozi. Ninachotakiwa ni kumsaidia mafaili yake na kusimama badala yake mahakamani anapobanwa, na nikipata wateja wangu nawahudumia mwenyewe. Bila yeye ningekuwa bado natembea na mhuri kwenye mkoba.

Kazi zake nyingi ni za kukusanya madeni, wateja wake ni wakopeshaji. Mimi ndiye ninayeandika notisi na kuandaa maombi ya kukazia hukumu, yaani kuitekeleza ili deni lilipwe, na mara nyingine naongozana na dalali wa mahakama kwenda kubandika tangazo la mnada. Mwanzoni niliona ni kazi kama kazi nyingine. Lakini ukipanda vile vilima vya Igogo na Mabatini na karatasi mkononi, watoto wanakukimbilia wakidhani umeleta vyandarua, halafu mama yao anatoka ndani, anaisoma ile karatasi, anakaa chini pale pale mlangoni. Nikaanza kujiuliza hawa nao nani anawasemea.

Usiku nikawa nasikiliza mihadhara ya mawakili wa Marekani kwenye simu. Kule kuna wakili ambaye maisha yake yote kazi yake ni ufilisi wa watu wa kawaida: dereva, muuguzi, mwalimu. Ombi likishafunguliwa tu, wadai wanasimamishwa hapo hapo. Kuna njia ya Sura ya 7 ya sheria yao, ambapo mali isiyo na kinga inauzwa na madeni mengi yanafutwa, na ya Sura ya 13, ambapo mtu analipa kwa mpango wa miaka 3 hadi 5 huku akibaki kwenye nyumba yake. Nikasema hii ndiyo kazi niliyozaliwa kuifanya. Nikaichukua Sheria yetu ya Ufilisi, Sura ya 25, nikaanza kuisoma.

Haukupita muda akaja mama mmoja, mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Alikuja na kiroba cha unga kimejaa makaratasi, yananuka dagaa mpaka mzee akauliza kutoka chumba cha pili nani kaleta kitoweo. Tukayamwaga mezani. Kuna mkopo wa benki uliowekewa nyumba yake ya Nyakato, na notisi ya siku 60 ameshapewa. Kuna deni la VICOBA ambalo wenzake wanne wamemdhamini. Kuna taasisi ndogo ya mikopo, wale wanaoitwa kausha damu, inayoshikilia kadi yake ya benki na imemsainisha mkataba unaosema ameiuzia kiwanja, wakati yeye anasema alikopa. Halafu kuna mikopo ya simu, ambayo jumbe zake za kumdhalilisha zimeshafika kwa mkwewe na kwa mchungaji.

Anasema alianza vizuri. Akaongeza mtaji, masika yakamharibia mzigo kwenye vichanja, akawa anakopa huku alipe kule. Ameniambia, "Wakili, nimesikia mtu anaweza kwenda mahakamani akatangazwa amefilisika, madeni yakaisha. Nifanyie hivyo, mwanangu."

Nilihisi kama Mungu kamleta. Lakini kadiri nilivyoendelea kusoma makaratasi, ndivyo nilivyoanza kuogopa.

Kwanza, ile taasisi ya kausha damu ni mteja wa mzee. Faili lake lipo kwenye kabati lile lile ninaloweka mafaili yangu.

Pili, mama ana boti na injini. Amenionyesha hati ya mauziano inayosema aliviuza kwa shemeji yake mwaka jana, lakini wino mbichi na maneno yake mwenyewe vinaonyesha imeandikwa juzi juzi. Anataka niigonge mhuri kwa tarehe ya mwaka jana.

Tatu, kwenye makaratasi ya benki nimekuta kiapo chake kinachosema hajaolewa, na mumewe yupo hai, wanaishi wote nyumba hiyo hiyo, na mkopo huo haujui. Hapa nilifurahi, Mama, sikufichi. Niliona ni mwanya wa kuubomoa mkopo wote.

Nne, nilipomtajia ada alisema hana shida, kuna mtu mwingine atamkopesha anilipe.

Mama yangu mzazi nimemgusia kidogo, akanijibu "usitukane wakunga na uzazi ungalipo", yaani nisimuudhi mzee. Rafiki zangu tuliosoma nao wanasema kutetea wadaiwa ni kujitakia njaa, maana mdaiwa angekuwa na hela asingekuwa mdaiwa. Mimi moyo unanituma nichukue kesi hii na niifanye kuwa mwanzo wa ofisi yangu. Nikiikataa, nitakuwa nimechagua kuwa wakili wa aina gani? Na nikiichukua, namwambiaje mzee?

Wako,
Wakili mchanga, Mwanza


JIBU

Marahaba, mwanangu. Na pole kwa mzigo, maana umebebeshwa kiroba chenyewe na wewe ukajiongezea cha kwako.

Nikikusoma sawasawa, unaniuliza kama umtetee huyu mama, na ukimtetea utabaki vipi na mzee wako. Lakini chini ya hayo naona kuna swali ambalo hujaliuliza: je, anachokiomba ndicho kitakachomsaidia? Nitaanza na hilo, kwa sababu jibu lake linaweza kubadilisha ukubwa wa yale mengine mawili.

Mimi kabla ya kuandika safu hii nilikaa masjala ya mahakama miaka mingi. Mafaili ya kukazia hukumu yalikuwa yanajaza shelfu mpaka tunayapanga sakafuni. La mtu binafsi aliyejiombea ufilisi mwenyewe lilikuwa ni tukio la kuitana, njooni muone. Sisemi hivyo kukukatisha tamaa. Nasema njia hiyo ipo, ila nyasi zimeota, na anayempitisha mteja humo inabidi ajue inatokea wapi.

Unaijua sheria kuliko mimi, lakini niruhusu tuisome kwa macho ya huyu mama. Ombi linakwenda Mahakama Kuu. Atatakiwa aeleze kwa kiapo kila alichonacho na kila anachodaiwa. Mahakama ikikubali, mali yake inaingia mikononi mwa mpokeaji rasmi wa Serikali, kazi ambayo kwetu iko RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Wadai wanaitwa kikao. Yeye anahojiwa hadharani jinsi alivyofika hapo alipofika. Wadai wasipokubaliana naye mpango wa malipo, anatangazwa mufilisi, na atabaki hivyo mpaka mahakama imwachilie. Kwa muda wote huo hawezi kuwa mkurugenzi wa kampuni bila ruhusa ya mahakama, na kukopa bila kumwambia anayemkopesha kwamba yeye ni mufilisi ni kosa. Sasa mfikirie pale Mwaloni. Biashara ya dagaa inakwenda kwa mali kauli: unachukua magunia leo, unalipa mzigo ukishauzwa kwa Wakongo. Nani atampa magunia?

Halafu upime madeni yake, moja moja. Benki ina nyumba kama dhamana, na sheria ya ufilisi haimzuii mdai mwenye dhamana kuiuza. Ile notisi itaendelea kutembea. VICOBA wana wadhamini wanne, na mufilisi akiachiliwa madeni yake, wadhamini hawaachiliwi pamoja naye; wale wanawake watadaiwa wao. Wanaobaki ni kausha damu na mikopo ya simu. Kwa hao ufilisi ungemsaidia kweli, kwa sababu mdai asiye na dhamana akikuta amri imeshatolewa hawezi kumshtaki bila ruhusa ya mahakama. Lakini hao ndio wadai ambao madai yao yenyewe yana matundu, na matundu hayo hayahitaji mtu atangazwe mufilisi ili yaonekane.

Kwa hiyo inawezekana mama amesikia habari za Marekani kama wewe ulivyozisikia. Kule sheria yao iliandikwa ikimfikiria mtu wa mshahara anayetaka kuanza upya. Yetu mizizi yake ni ya enzi za Mwingereza, na aliyeiandika alikuwa akimfikiria zaidi mdai. Lakini usiitupe mihadhara yako. Umeona jinsi wale mawakili kazi yao kubwa inavyofanyika kabla ombi halijafunguliwa? Mdaiwa kule lazima apate ushauri wa madeni ndani ya siku 180 kabla ya kufungua. Wakili anamwagiza hati za mshahara, kodi, akaunti za benki, kila kitu. Msimamizi wa mali anaweza kurudi nyuma miaka 2 kuangalia mdaiwa alimhamishia nani mali. Ukichukua kitu kimoja kutoka kwao, chukua tabia hiyo ya kupanga makaratasi, ufilisi wenyewe ubaki kuwa mlango wa mwisho.

Ukiamua kukaa na huyu mama, basi kaa naye na kalenda. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi inapumzika, na sokoni mzigo unakuwa haba. Sasa nenda kaangalie ratiba ya marejesho yake: nina hakika utakuta ni kila wiki, mwezi uwe mchanga au mpevu. Katika wiki asizokuwa na mzigo ndipo alipokopa kwa fulani ili amlipe fulani. Na masika, jua likikosekana, dagaa wa kwenye vichanja wanaoza au wanaishia kuwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Ukichora jedwali la mapato yake kwa giza na kwa msimu, ukaliweka mbele ya afisa mikopo wa benki, unakuwa na hoja ambayo "nihurumieni" haiwezi kuifikia. Benki nyingi zinapenda kupanga upya mkopo kuliko kuhangaika na mnada wa nyumba ya Nyakato ambayo wanunuzi wanaijua ina kesi.

Lakini kupanga upya nako kuna gharama. Muda ukirefuka, riba jumla inaongezeka. Na karatasi ya kupanga upya kwa kawaida ina kifungu kinachosema mdaiwa anakiri deni lote. Akishakisaini, ule mwanya uliokufurahisha unakuwa mwembamba sana.

Na hapo nataka tukae kidogo, kwenye kile kiapo. Ni kweli Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani, na benki inatakiwa ichukue hatua za kutosha kujua kama mwombaji ana mwenzi. Lakini sheria hiyo hiyo inasema mwombaji anayetoa taarifa za uongo kuhusu mwenzi anatenda kosa. Nani aliandika kwamba hajaolewa? Alisomewa? Alikuwa anajua anasaini nini, au afisa alimjazia fomu naye akaweka dole gumba apate hela kabla mzigo haujaondoka? Majibu hayo yanatofautisha mama aliyeonewa na mama aliyedanganya, na wewe bado huyajui. Ukikimbilia mahakamani na hoja hiyo kabla ya kuyajua, unaweza kumwokolea nyumba ukampeleka polisi.

Ya kausha damu nitapita haraka maana naona umeshayakamata. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na Benki Kuu imekuwa ikitangaza ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji kama hao. Omba leseni yao kwa maandishi. Kadi ya benki ya mtu kukaa kwenye droo ya mkopeshaji, na mkataba wa mauziano unaoficha mkopo, ni mambo ya kuuliza, na kuuliza mapema, kwa sababu mwenye mkataba wa mauziano anaweza kukiuza kiwanja wakati ninyi mnajadili riba. Mikopo ya simu nayo: Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila idhini. Linganisha na yaliyomo kwenye simu yake. Zile jumbe kwa mkwe na mchungaji zitunze kama zilivyo, na namba na tarehe. Ila usimwambie mama kwamba asiye na leseni basi deni lake limekufa. Hela aliipokea, na mahakama itauliza ilikwenda wapi.

Na hata wakishinda kesi, hao wasio na rehani, Sheria ya Mwenendo wa Madai inaikinga nyumba ya kuishi ya mdaiwa na familia yake isikamatwe kwa hukumu ya kawaida. Mahakama pia inaweza kuamuru deni lilipwe kwa awamu. Mweleze na upande wa pili bila kumficha: mdai anaweza kuomba mdaiwa afungwe kama mfungwa wa madai, mdai mwenyewe akilipia posho ya kumlisha, na akitoka deni liko pale pale.

VICOBA ningependa uwape heshima yao. Hao ndio atakaokaa nao msibani. Mama akiona hela kidogo atataka kuwalipa wao kwanza, na kibinadamu namwelewa. Lakini kama ombi la ufilisi bado liko mezani, kumlipa mdai mmoja ukawaacha wengine kunaweza kuonekana ni upendeleo, na mpokeaji rasmi akazidai hizo hela zirudi. Kwa hiyo mambo haya mawili hayaendi pamoja, inabidi aelewe hivyo kabla hajafungua pochi.

Sasa boti.

Umeandika kwa namna inayoonyesha umeshamhukumu kidogo, na labda una haki. Lakini nimekaa karibu na ziwa vya kutosha kujua kwamba boti huwa ina wenyewe wengi. Huenda shemeji ndiye aliyenunua injini. Huenda walikubaliana kwa mdomo mbele ya wazee, na sasa mama, kwa hofu, ameona akiandika tarehe ya zamani ndio itaaminika. Hiyo ni hadithi tofauti na ya mtu anayeficha mali. Muulize shemeji alitoa nini, alikitoa lini, na kuna stakabadhi, muamala wa simu, au shahidi gani. Kama ana haki, iandikwe kwa tarehe ya leo ikieleza yaliyopita. Ule mhuri wa tarehe ya mwaka jana, mwanangu, hilo hata wewe hukuniandikia ili nikupe ruhusa. Mali iliyohamishiwa ndugu ili wadai wasiifikie inaweza kurudishwa, na aliyeihamisha anashtakiwa. Wewe ungekuwa umeugonga kwa jina lako, uwakili ukiwa na umri wa kutambaa. Ugumu ni kumwambia hivyo bila kumfanya aone umemgeuka. Jaribu kumweleza kwamba siku ya kuhojiwa hadharani swali la kwanza litakuwa boti, na wewe hutaweza kumjibia.

Tuje kwa mzee. Naona umemchora kama mtu wa upande wa pili, na labda umejichora wewe kama unayehama kambi. Nikuulize: huo ujuzi unaotaka kuutumia kwa wadaiwa, umeupata wapi? Umejua notisi mbovu ikoje kwa sababu umeziandika nzuri. Umejua tangazo la mnada wa ardhi linatakiwa litangulie kwa siku zisizopungua 14 kwa sababu umelibandika. Wakili wa mdai anayefuata utaratibu anamsaidia mdaiwa kuliko wakili wa mdaiwa anayebahatisha. Sijui mzee wako ni wa aina gani, wewe unamjua.

Ila suala la kabati haliishi kwa heshima na shikamoo. Kanuni za maadili ya mawakili za mwaka 2018 zinakataza kuhudumia pande zenye maslahi yanayogongana, na mnavyokaa ofisi moja, karani mmoja, kabati moja, itakuwa vigumu kumshawishi mtu kwamba siri za mmoja hazimfikii mwingine. Umewahi kulishika faili la taasisi ile? Umeandika barua yoyote kwa niaba yake? Kama ndiyo, milango yako imebaki michache. Unaweza kumpeleka mama kwa wakili mwingine unayemwamini, ukamkabidhi na jedwali lako la giza na misimu. Utakuwa umemsaidia bila kuwa wakili wake, ila utakosa faili ulilolitamani. Unaweza kumfuata mzee kabla hujasaini chochote na mama, ukamwambia kuna mtu amekuja ambaye upande wake unagongana na mteja wetu, bila kumwaga yaliyomo kwenye kiroba, ukasikia anasemaje. Mzee anaweza kukushangaza akasema wadaiwa wengine wote chukua, huyu mwachie mwenzako. Anaweza pia kukwambia utafute meza kwingine. Au unaweza kuhama kwanza, kwa hiari yako, ukapanga chumba, na hapo ujiulize kodi ya mwezi wa tatu itatoka kwa nani, na pia ujue kuhama hakufuti uliyokwisha kuyasoma kwenye lile faili.

Mama yako na methali yake ya wakunga simpingi. Lakini mkunga hatukanwi kwa kuambiwa ukweli mapema. Anatukanwa akiukuta kwenye hati ya madai.

Kuhusu ada: rafiki zako wamesema kweli nusu. Wapo wanaotoza kiasi kidogo kinachojulikana kwa kikao cha kwanza cha kupanga makaratasi tu, na kazi nyingine inaandikiwa makubaliano yake yenye mipaka: nitaandika barua kwa benki, sitakwenda mahakamani, au nitakwenda kwa ombi hili, si kwa lile. Hela ya mteja isichanganywe na ya ofisi hata siku moja. Asiye na kitu, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imemfikiria, na Mwanza wapo wanaotoa huduma hiyo. Lakini ukipokea ada iliyokopwa kwa kausha damu mwingine, jina lako litakuwa chanzo cha deni la tano kwenye kile kiroba. Sijui kama ungelala.

Naona sijakujibu kama uchukue kesi au usichukue, na sitakujibu, kwa sababu mambo matatu yanayoamua hilo hayakuwa kwenye barua yako: kama ulishalishika lile faili, shemeji alitoa nini kwenye boti, na tarehe halisi mama aliyoipokea notisi ya benki. Hilo la mwisho lifuate leo hii, hata kabla hujaamua lolote, kwa sababu zile siku 60 zinahesabiwa tangu alipoipokea, na yeyote atakayemtetea atazihitaji zilizobaki.

Kisha kuna mtu ambaye umemtaja kwa nusu sentensi tu, mume. Anaishi ndani ya nyumba inayokwenda mnadani na hajui. Hoja ya ridhaa ya mwenzi, ikiwepo, ni haki yake yeye kuliko ya mkewe, na akiidai ataanza kwa kusema mkewe alikana ndoa yao kwa kiapo. Mama lazima ajue hivyo kabla hujaiandika popote, na aamue yeye atamwambiaje mumewe na lini. Na siku wakija ofisini wote wawili wakakaa mbele yako, fikiria vizuri kabla hujawaambia utawasimamia wote. Huenda mume naye akahitaji wakili wake.